Guangzhou: Dereva mpya wa lori na dakika 20 za mapumziko

Wakati wakazi wengi wa mji wa Guangzhou, kusini mwa China, wamekwisha kulala, soko la jumla la matunda na mboga la Jiangnan ndipo linapochangamka. Soko hilo liko katika wilaya ya Baiyun, kaskazini mwa mji, na ni moja kati ya masoko makubwa ya aina hiyo nchini China. Malori marefu huingia moja baada ya jingine, turubai zikifunguliwa, wachukuzi wakipanda, wanunuzi wakipita na tochi kukagua majani na matunda. Baadhi ya malori hayo yametoka Shouguang, mkoani Shandong, eneo linalojulikana kote nchini kwa mboga zinazokuzwa ndani ya mabanda ya plastiki. Kutoka Shouguang hadi Guangzhou ni karibu kilomita 2000, mwendo usiopishana sana na ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi.

Mboga hazingoji. Lori likichelewa, bei ya jana haipo tena, na mwenye mzigo atataka kujua ni nani aliyechelewesha. Kati ya madereva wanaoteremka kutoka katika malori hayo, wakiwa na macho mekundu na chupa ya chai mkononi, wapo vijana ambao leseni zao bado ni mpya. Makala hii inawahusu wao: sheria inasema nini kuhusu saa zao za kazi na mapumziko yao, na ni mambo gani ambayo sheria hiyo imeyaacha bila kuyasema.

Sheria ya Usalama wa Barabarani ya China ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2004. Kifungu chake cha 22 kinamkataza mtu aliyechoka kupita kiasi kuendesha gari. Siku hiyo hiyo zilianza pia kanuni za utekelezaji zilizotolewa na Baraza la Serikali, na humo, katika kifungu cha 62, ndimo ilimo hesabu ambayo kila dereva wa lori nchini China anaijua kwa moyo: ni marufuku kuendesha kwa muda wa zaidi ya saa nne mfululizo bila kusimama kupumzika, na mapumziko yenyewe yasipungue dakika 20.

Hesabu hiyo haikutoka hewani. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979 kuhusu saa za kazi katika usafirishaji wa barabarani, nao unataja saa nne kuwa ukomo wa kuendesha mfululizo. Lakini mkataba huo, ambao umeridhiwa na nchi chache tu, haukuishia hapo. Unasema pia kwamba dereva asiendeshe kwa zaidi ya saa tisa kwa siku wala saa 48 kwa wiki, na kwamba katika kila siku apate angalau saa kumi mfululizo za kupumzika. Kanuni ya China ya mwaka 2004 ina saa nne za mkataba, ila haina saa tisa, wala haina saa kumi.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuchukue lori la mboga la kutoka Shouguang, likienda kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Litahitaji muda wa saa 25 za kuendesha. Dereva akisimama kila baada ya saa nne, atasimama mara sita, dakika 20 kila mara, yaani jumla ya saa mbili. Baada ya saa 27 atakuwa ameingia sokoni Jiangnan, na kwa kipimo cha saa nne hatakuwa amevunja lolote, ingawa hakulala hata mara moja. Kifungu cha 22 kinabaki palepale, ni kweli, lakini askari wa barabarani hana chombo cha kupulizia kinachopima usingizi.

Kwa upande wa pombe chombo kipo, na ulinganisho wake unafikirisha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Nchini China, kosa la kuendesha baada ya kunywa pombe linaanzia miligramu 20. Dereva wa gari la biashara anayekutwa na kiwango hicho huwekwa kizuizini siku 15, hutozwa faini ya yuan 5000, na hunyang'anywa leseni asiweze kuipata tena kwa miaka mitano. Dereva wa lori aliyepitisha saa nne bila kusimama hupunguziwa alama za leseni. Kila dereva ana alama 12 katika kipindi cha mwaka mmoja. Kosa hilo lilikuwa likimgharimu alama sita, na tangu tarehe 1 Aprili mwaka 2022 linamgharimu alama tatu, pamoja na faini ndogo. Anayelewa kwa pombe na anayelewa kwa usingizi wanaweza kugonga gari lile lile, lakini mbele ya sheria wako mbalimbali sana.

Si kwamba serikali ya China haijui jinsi ya kuweka ukomo wa siku nzima. Mwezi Julai mwaka 2012 Baraza la Serikali lilitoa maelekezo kuhusu usalama wa barabarani, yakisema kwamba dereva wa basi la masafa marefu asiendeshe kwa zaidi ya saa nane ndani ya saa 24, asizidishe saa nne mfululizo mchana na saa mbili mfululizo usiku. Mabasi hayo yalitakiwa pia kusimama kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ulipita mwezi mmoja tu. Alfajiri ya tarehe 26 Agosti, katika barabara ya mwendo kasi karibu na Yan'an, mkoani Shaanxi, basi la vitanda liligonga kwa nyuma lori la tangi lililobeba methanoli, moto ukawaka, na watu 36 wakapoteza maisha. Ilikuwa muda mfupi baada ya saa nane usiku. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini mabasi yanasimamishwa usiku.

Malori ya mizigo ya kawaida hayakuwekewa ukomo kama huo. Yale yanayobeba kemikali hatari yana masharti makali zaidi, lakini lori la kabichi, la vigae au la televisheni halina. Sababu haijaandikwa popote, ila si vigumu kuikisia: abiria wana jamaa watakaolalamika, na kabichi haina. Hoja hiyo inasahau kwamba lori lenye tani 49, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari la ekseli sita, haliangukii kabichi peke yake.

Tukigeukia sheria ya kazi, pengo linazidi kupanuka. Sheria ya Kazi ya China, iliyoanza kutumika mwaka 1995, inataja saa nane za kazi kwa siku, na inaruhusu nyongeza isiyozidi saa tatu kwa siku wala 36 kwa mwezi. Kijana wa kiwandani huko Guangzhou anaweza kuishika sheria hiyo na kumwonyesha msimamizi wake, japokuwa kusikilizwa ni jambo jingine. Dereva wa lori hawezi. Mwishoni mwa mwaka 1994, kabla hata sheria hiyo haijaanza kutumika, Wizara ya Kazi ilitoa orodha ya kazi ambazo waajiri wanaweza kuziombea utaratibu wa saa zisizo maalum. Katika orodha hiyo wametajwa wafanyakazi wa usafirishaji wa masafa marefu na madereva wa teksi. Tena hao ni wale walioajiriwa. Sehemu kubwa ya madereva wa malori nchini China hawana mwajiri kabisa. Wamenunua lori kwa mkopo, wanajitafutia mzigo wenyewe, na hakuna sheria ya kazi inayomlinda mtu dhidi ya nafsi yake.

Sasa tumwangalie yule kijana mwenye leseni mpya. Akifika umri wa miaka 20 anaweza kusomea leseni ya lori kubwa, ile inayoitwa B2. Ya gari la kuvuta tela, yaani A2, huipata baadaye kwa kupanda daraja; umri wake wa chini ulikuwa miaka 24, na mwaka 2022 ukashushwa hadi 22, kwa kuwa madereva wanazeeka na vijana hawaipendi kazi hiyo. Ikiwa lori linapita tani nne na nusu, atahitaji pia cheti cha taaluma kutoka kwa idara ya uchukuzi. Miezi 12 ya kwanza ni kipindi cha majaribio. Nyuma ya gari hubandikwa alama ya kuonyesha kwamba dereva ni mgeni, na ndani ya miezi hiyo haruhusiwi kuvuta tela wala kuendesha gari lenye mizigo ya hatari, na akiingia barabara ya mwendo kasi ni lazima aandamane na dereva mwenye uzoefu wa miaka mitatu au zaidi.

Masharti hayo ni ya busara. Lakini yote yanahusu ni gari gani aendeshe na akae na nani. Hakuna linalohusu ni kwa muda gani aendeshe. Katika saa, mgeni wa miezi miwili na mkongwe wa miaka 20 ni sawasawa. Hali halisi ya safari humsukuma mgeni pabaya zaidi. Wanaposafiri wawili, mwenye lori au dereva mkuu ndiye anayepanga zamu, na si ajabu zamu ya usiku wa manane ikamwangukia mdogo. Zaidi ya hayo, mkongwe anayajua macho yake: anajua ni lini usingizi wake ni wa kupigana nao na ni lini ni wa kusalimu amri. Hilo halifundishwi chuoni. Mgeni huona aibu kuomba kusimama, akidhani kuchoka ni dalili ya kutoiweza kazi.

Wengine husafiri na wake zao. Madereva wa China wana jina lao kwa wanawake hao, kasao, yaani shemeji wa lori. Kasao hupika ndani ya kabini, hukagua turubai, husoma ramani, na kazi yake kubwa ni kuzungumza ili mume asisinzie. Wanapoegesha, yeye ndiye mlinzi, kwani wezi wa dizeli, ambao madereva huwaita panya wa mafuta, hunyonya matangi yote mawili wakati dereva amelala. Ni vigumu kumwambia mtu apumzike mahali ambapo kulala kunaweza kumgharimu faida ya safari nzima. Tangu mwaka 2018 Wizara ya Uchukuzi na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wamekuwa wakifungua vituo vinavyoitwa Nyumba ya Dereva, vyenye bafu, vitanda, mashine za kufulia na maegesho yanayolindwa. Pengine vitanda hivyo vinafanya kazi kubwa zaidi kuliko kifungu chochote cha sheria, ila lori ni nyingi na vitanda ni vichache.

Msikilizaji, huenda unajiuliza mambo haya yanamhusuje mtu wa Afrika Mashariki. Yanamhusu kupitia kontena. Katika mtaa wa Xiaobei, kwenye majengo kama Tianxiu, wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Nyamakima wamekuwa wakinunua nguo, simu, vigae na vipuri kwa zaidi ya miaka 20. Mizigo hiyo hutoka ghalani kwa lori kwenda bandari za Huangpu na Nansha. Nansha, iliyoanza kupokea meli za kontena mwaka ule ule wa 2004, iko kusini kabisa mwa mji, kwenye mdomo wa Mto Lulu. Safari yenyewe ni ya saa chache tu, na dereva wa kontena hafikii hata mara moja ukomo wa saa nne. Uchovu wake ni wa foleni: kungoja kiwandani mzigo upakiwe, kungoja langoni, kungoja kontena tupu. Injini imezimwa, kwa hiyo haesabiwi kuwa anaendesha. Lakini foleni inasogea, kwa hiyo hawezi kulala. Sheria inayopima mzunguko wa magurudumu haimwoni mtu huyu. Naye mnunuzi aliyepiga simu kutoka Xiaobei kuhimiza kwamba meli inafunga kupakia kesho, bila kujua, ameongeza saa moja juu ya saa zake.

Kontena hilo likifika upande wa pili, linakutana na sheria nyingine na uchovu ule ule. Kenya, katika marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, iliweka ukomo wa saa nane za kuendesha ndani ya saa 24 kwa magari ya abiria na ya biashara. Kwenye karatasi, basi, dereva wa Mombasa amelindwa kuliko yule wa Guangzhou. Lakini kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na lori lililojaa haliwezi kuzimaliza kirahisi ndani ya saa nane. Nchini Tanzania, mwezi Aprili mwaka 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma wakipinga kutakiwa kurudi chuoni kabla ya kuhuisha leseni, na mwezi uliofuata wakagoma tena. Dai lililosikika zaidi kati ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Walikuwa wamegusa mzizi wa jambo. Asiye na mkataba hana saa za kazi, ana safari tu.

Umoja wa Ulaya ulilikabili jambo hilo waziwazi zaidi katika kanuni yake ya mwaka 2006. Mbali na kuweka mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu, na ukomo wa kawaida wa saa tisa kwa siku, kanuni hiyo inawakataza waajiri kuwalipa madereva kwa kilomita au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama. Nchini China malipo ni kwa safari. Tangu majukwaa mawili makubwa ya simu ya kutafutia mizigo, Yunmanman na Huochebang, yaungane mwaka 2017, madereva wengi wamelalamika kwamba nauli ya mzigo inashuka kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake akikubali bei ya chini. Mwezi Juni mwaka 2018 madereva katika mikoa kadhaa waliegesha malori yao kwa siku chache, wakilalamikia nauli, bei ya dizeli na faini. Nauli ikishuka, idadi ya safari hupanda, na saa za usingizi ndizo zinazolipa tofauti.

Katika mazingira hayo ndipo kilipoingia kifaa cha Beidou, mfumo wa satelaiti wa China. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2014 malori yenye uzito wa jumla wa tani 12 na kuendelea, pamoja na magari yote ya kuvuta tela, yametakiwa kufungwa kifaa hicho. Kinarekodi mahali, kasi na muda wa kuendesha, na dereva akikaribia ukomo humpigia kelele ndani ya kabini. Kwa mkaguzi ni chombo kizuri. Kwa dereva ni askari asiyelala, anayelipiwa ada na dereva mwenyewe kila mwaka, na asiyejua kwamba kituo cha mapumziko kilichopita kilikuwa kimejaa malori hadi kwenye njia ya kuingilia.

Mwezi Aprili mwaka 2021, katika kituo cha kukagua uzito huko Tangshan, mkoani Hebei, dereva mmoja alitozwa faini ya yuan 2000 kwa sababu kifaa chake cha Beidou kilikuwa kimepoteza mawasiliano. Alijitoa uhai, baada ya kuwaandikia madereva wenzake ujumbe akisema kwamba mtu anayeendesha gari hawezi kujua kifaa kimekatika lini. Nchi nzima ilizungumza juu yake. Baadaye mwaka huo Wizara ya Uchukuzi pamoja na idara nyingine 15 zilitoa waraka wa pamoja kuhusu haki za madereva wa malori, ukigusa faini, majukwaa ya mizigo na mahali pa kupumzikia. Mwaka uliofuata alama za kosa la uchovu zikapunguzwa kutoka sita hadi tatu. Madereva walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Hata hivyo kilichopunguzwa ni adhabu ya kuchoka, si kuchoka kwenyewe. Saa za siku bado hazina ukomo.

Kuna jambo moja kuhusu kifaa hicho ambalo dereva mgeni hulijua mapema. Lori likisimama kwa dakika 20 kamili, hesabu hurudi kwenye sifuri. Kifaa hakiulizi kama alilala, kama alikuwa akibadilisha tairi, au kama alikaa macho kulinda tangi lake la dizeli.

Malori yanayoteremka kutoka kaskazini kupitia mkoa wa Hunan huingia Guangdong kwa kuvuka milima ya Nanling. Huko, katika wilaya ya Ruyuan, barabara ya mwendo kasi ya kuelekea Guangzhou ina mteremko mrefu wa Yunyan, ambao madereva wa China wanauogopa kwa ajali zake. Breki hupata moto, na kandokando zimejengwa njia za dharura zenye kokoto, kwa ajili ya lori lililoshindwa kusimama. Kwa anayetoka Shandong, mteremko huo unafika mwishoni mwa safari, baada ya kilomita 1700 hivi, wakati ambapo taa za Guangzhou zimebakiza saa chache tu. Kijana aliyekaa macho tangu jana anaanza kushuka, akishika usukani kwa mikono miwili, na kwenye kioo kidogo cha Beidou hesabu inaonyesha kwamba ameendesha kwa dakika 50 tu.